Mwaloni, rashini na hifadhini: Safari za wanawake wa Chato na ukanda wa dhahabu

Wanawake wanaosafiri katika Wilaya ya Chato na ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga wako katika makundi matatu: wanaovuka Ziwa Victoria kununua dagaa visiwani, wanaofuata rashi za dhahabu, yaani watu kumiminika panapovuma habari ya dhahabu mpya, kutoka machimbo haya hadi yale, na wanaokwenda kutembea katika hifadhi za Kisiwa cha Rubondo na Burigi-Chato. Makundi mawili ya mwanzo yana watu wengi na yameanza zamani. La tatu bado ni changa. Mara nyingi, usalama wa msafiri hutegemea zaidi kama ana mwenyeji huko aendako kuliko kama ameondoka nyumbani peke yake au na wenzake.

Safari za namna hii si ngeni. Katika karne ya 19, misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma iliyobeba pembe za ndovu kwenda pwani ilifuatana na wanawake. Walibeba vyungu, chakula na watoto, wakapika kambini, na baadhi yao walijitwisha mizigo ya kulipwa kama wanaume. Kilichobadilika tangu hapo ni bidhaa na vyombo vya usafiri.

Kalenda ya mwezi

Biashara ya dagaa ndiyo inayowatoa nyumbani wanawake wengi wa mwambao. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa: zamani karabai, siku hizi za betri na sola pia. Mwezi ukiwa mpevu, taa haiwavuti tena samaki hao, na wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa. Mchuuzi naye hufuata kalenda hiyohiyo. Huvuka giza linapoanza, akakaa kisiwani majuma mawili au zaidi, kisha akarudi na magunia yake mbalamwezi inapokaribia.

Kisiwani, ununuzi huanza alfajiri mitumbwi inapotia nanga. Dagaa wabichi hupimwa kwa ndoo ya lita 20, na aliyenunua huwaanika papo hapo. Jua likiwa kali, hukauka siku ileile. Wanaoanikwa juu ya mchanga huokota vumbi na changarawe, na bei yao hushuka. Wanaoanikwa kwenye chanja za nyavu zilizoinuliwa hutoka safi, wakang'aa, na mnunuzi wa mjini huwatambua kwa kuwatazama tu. Mvua ikiwawahi kabla hawajakauka, huvunjika na kubadilika rangi, na mwisho wake huuzwa kuwa chakula cha kuku. Ndiyo maana mchuuzi mzoefu hufunga turubai kwenye mzigo kabla hajafikiria nguo za kubadili. Mzigo ukishakauka na kushindiliwa, huelekea masoko ya bara, likiwamo soko kubwa la Kirumba Mwaloni jijini Mwanza, linalopokea pia wanunuzi kutoka nchi jirani.

Mgeni asiye na mtu mwaloni, yaani ufukweni wavuvi wanapotia nanga, huanza vibaya. Hajui mvuvi gani anatimiza ahadi, wala hana pa kulala zaidi ya gesti zenye kuta za mabati. Katika mialo mingi ya ziwa hili, upande wa Tanzania, Kenya na Uganda, kumekuwa na wavuvi wanaodai ngono ili wamuuzie mwanamke samaki, hasa siku ambazo samaki ni haba. Wachuuzi hujikinga kwa kuvuka wawili au watatu, kununua kwa mtaji wa pamoja, na kufikia kwa mwanamke mkazi wa kisiwa, mara nyingi mpika chakula anayewajua wavuvi wote kwa majina. Nchini Kenya, wanawake wa mwalo wa Nduru walianza mwaka 2011 kumiliki boti zao wenyewe na kuwaajiri wavuvi, ili samaki wasiwe tena mali ya kuombwa. Nchini Tanzania, chama cha wanawake wa uvuvi, TAWFA, kilianzishwa mwaka 2019 kuwaunganisha wanawake wa sekta hiyo.

Hatari za maji

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na hali yake ya hewa ina desturi ambayo wasafiri wanaifahamu kwa uzoefu. Usiku, nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Pepo za kutoka pande zote za nchi kavu huvuma kuelekea ziwani, zikakutana, hewa yenye unyevu ikapanda na kufanya mawingu ya radi. Dhoruba nyingi, kwa hiyo, hupiga kati ya usiku wa manane na asubuhi. Mtumbwi unaoondoka kisiwani usiku ili kuwahi soko la asubuhi unasafiri katika saa mbaya kuliko zote.

Historia ya ziwa hili ina misiba ya kuonya. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimepakia kupita uwezo wake, na waliokufa walizidi 200. Kupakia kupita kiasi ndiyo hatari ya mitumbwi midogo pia, kwa sababu magunia na abiria hugombea nafasi ileile. Abiria anayejua mambo huuliza idadi ya maboya kabla ya kulipa nauli, na hakai juu ya magunia.

Kufuata rashi

Nchi kavu, safari kubwa ni ya rashi. Habari ya dhahabu mpya ikivuma, maelfu ya watu huhamia porini kwa siku chache, na wanawake huwa miongoni mwa wanaofika mapema. Wachimbaji hawawezi kuchimba bila kula, hivyo mama lishe hufika na sufuria, unga na maharage, akajenga kibanda cha miti na maturubai. Wengine huuza maji, vocha na mitumba, na wengine hutwanga mawe au kuosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa mara ya kwanza. Rashi ikififia, kibanda hufungwa na safari huanza upya. Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu mkoani Geita ni baadhi ya maeneo yaliyopokea wahamiaji wa namna hiyo, na miji ya Katoro na Buseresere imenenepa kwa biashara inayolisha machimbo.

Ndani ya machimbo, safari ya mwanamke ina mpaka wake. Imani kwamba mwanamke akishuka kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, dhahabu hutoweka imewafanya wengi wabaki juu ya ardhi, kwenye kazi zenye malipo madogo na vumbi jingi, zikiwamo zile za kushika zebaki kwa mikono mitupu. Wapo waliovuka mpaka huo kwa kupata leseni zao za uchimbaji mdogo, na Chama cha Wachimbaji Wanawake Tanzania, TAWOMA, kimekuwapo tangu mwaka 1997. Soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, liliwapa wauzaji wadogo mahali pa wazi pa kupima na kuuza, badala ya kumtegemea dalali wa kambini peke yake.

Mwanamke wa rashi hubeba pia mzigo wa maneno. Mwanamume akienda machimboni husemwa ametafuta maisha. Mwanamke akienda, wengi huuliza amemkimbia nani. Watoto hubaki kwa bibi, na pesa anazotuma kwa simu ndizo zinazomlindia heshima nyumbani. Huduma hizo za kifedha, zilizoanza nchini mwaka 2008, zimemwondolea pia hatari ya kutembea na mauzo kiunoni.

Barabara na daraja

Kwa miaka mingi, safari kati ya Mwanza na Chato ilikatwa na Ghuba ya Mwanza, na abiria walisubiri kivuko kati ya Kigongo na Busisi. Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 lilifunguliwa, na kuvuka kukawa jambo la dakika chache. Kwa mchuuzi wa samaki wabichi, tofauti hiyo ni barafu kidogo na hasara kidogo. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku. Ruhusa hiyo imeongeza nafasi za safari, lakini pia imefanya abiria wengine washuke stendi saa nane usiku. Hapo mwenyeji wa kumpokea, au bodaboda anayejulikana na kupigiwa simu mapema, ndiye kinga.

Kutembea kwa raha

Safari za matembezi bado ni chache, ingawa vivutio viko jirani. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977, ina ukubwa wa kilomita za mraba 456.8, na sehemu kubwa ya eneo la nchi kavu ni msitu. Kati ya mwaka 1966 na 1969 sokwe waliookolewa kutoka Ulaya waliachiwa huko, na vizazi vyao vinaishi porini hadi leo. Nzohe, swala wa majini asiyeonekana kirahisi kwingine, hupatikana pia. Msafiri anayetoka Chato hushuka hadi Muganza na kupanda boti Kasenda. Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ina zaidi ya kilomita za mraba 4,700 na hufikiwa kwa gari.

Kiingilio cha raia wa Afrika Mashariki ni kidogo kuliko cha wageni wa nje. Kinachouma ni gharama ya chombo. Boti ya Rubondo au gari la Burigi hukodiwa kwa bei ileile awe abiria mmoja au watano. Vikoba na vikundi vya wafanyakazi wanawake, ambavyo tayari vina utaratibu wa kuchanga na kuaminiana, vinaweza kugawana gharama hiyo bila kuunda chama kipya. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, njia za Burigi hupitika kwa urahisi zaidi. Kwenda Rubondo, boti ya mchana yenye boya kwa kila abiria ndiyo ya kuchagua.