Bawa la Nondo Si Kitambulisho

Mkulima wa nyanya anapotikisa mche alfajiri na kuona vijinondo vya rangi ya majivu vikiruka chini chini, kila kimoja na urefu wa punje ya mchele, swali linalomjia ni moja: huyu ni kantangaze au siye? Jina hilo, ambalo kwa sikio la Mswahili ni kama kejeli ya mdudu mwenyewe, nenda ukanitangaze, lilienea Tanzania baada ya mwaka 2014, mwaka ambao nondo huyu alibainika Kenya na Tanzania. Wengi tunadhani jibu limeandikwa mgongoni mwake. Tazama bawa, hesabu madoa, linganisha na picha ya kipeperushi, kazi imekwisha. (Mafundi ujenzi watusamehe, nondo wetu leo ana mabawa.) Hoja yangu ni kwamba bawa linastahili kusomwa, tena kwa uangalifu kuliko tunavyolisoma, ila tumezoea kulidai hukumu ambayo halina. Na kosa si la macho yetu. Liko kwenye kazi ambayo madoa yale yalizaliwa kuifanya.

Vumbi linalobaki vidoleni ukimshika nondo ni magamba, maelfu kwa maelfu, yaliyopangwa juu ya utando mwepesi kama makuti ya paa, safu moja ikiilalia nyingine. Kwa kawaida kila gamba lina rangi moja tu. Doa tunaloliona ni magamba mengi yaliyokaa pamoja, kama ua la mkeka linavyotokana na miyaa iliyotiwa rangi ambayo, ukiitazama mmoja mmoja, haina ua lolote. Mkeka ukichakaa, ua hufifia. Nondo naye kila anapojipenyeza kati ya majani huacha magamba nyuma, na baada ya siku kadhaa hafanani tena na picha ya kitabuni, ambayo karibu kila mara ni ya nondo aliyetoka kwenye pupa muda mfupi kabla ya kupigwa picha. Ndiyo maana wanaoijua kazi hii hawaanzi na rangi. Huanza na mahali: doa liko karibu na shina la bawa, katikati, au kwenye ncha? Linagusa ukingo wa mbele au limejitenga? Mstari unaokatiza bawa umenyooka au umevunjika kiwiko? Rangi ya kahawia inaweza kufifia hadi kuwa kijivu, lakini doa lililo katikati ya bawa haliwezi kuhamia kwenye ncha.

Usomaji huo una ushindi wake, na ni haki kuutaja kabla ya lawama. Nondo wa unga na vyakula vikavu, Plodia interpunctella, anaweza kutambuliwa na mtu yeyote mwenye duka: akikunja mabawa, sehemu ya mbele karibu na kichwa ni ya rangi ya maziwa yaliyochanganyika na majivu, na sehemu yote iliyobaki ni ya shaba iliyochakaa, mpaka kati ya sehemu hizo ukiwa dhahiri. Miongoni mwa nondo wa ghalani si rahisi kumkosea. Lakini jirani yake wa kwenye gunia la mahindi, nondo wa nafaka Sitotroga cerealella, ni wa rangi ya nyasi kavu na hana doa la kuaminika. Huyu hutambulika kwa umbo: bawa lake la nyuma linachongoka ghafla kama kidole kilichonyooshwa, na pindo lake lina nywele ndefu. Kabatini hali ni mbaya zaidi. Kuna nondo wa nguo ambaye bawa lake ni la dhahabu tupu, bila alama, na kuna mwenzake anayepaswa kuwa na madoa matatu meusi, ila madoa hayo hufutika upesi mno. Anayeng'ang'ania kuyahesabu anaweza kuipa spishi moja majina mawili kwa sababu tu nondo mmoja ni kijana na mwingine mzee.

Jinsia nayo ina hila zake. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia barani Afrika mwaka 2016 na kushambulia mahindi yetu mwaka uliofuata, ana dume mwenye baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, alama nzuri kabisa ya kufundishia. Jike, ambaye ndiye hasa anayetaga mayai yanayomtia mkulima hasara, ana bawa la kijivu na kahawia lililopauka, lisilo na baka hilo. Kipeperushi chenye picha ya dume peke yake kimesema ukweli, na bado kimepotosha.

Sasa tufike kwenye kiini. Alama za bawa la nondo anayeruka usiku zimechongwa na macho ya maadui wake wa mchana. Nondo hulala mchana juu ya gome, jani kavu au ukuta, na ndege au mjusi anayemwona humla. Wanaosalia ni wale wasioonekana, kizazi baada ya kizazi. Mfano maarufu ni wa Biston betularia wa Uingereza. Nondo mweusi wa spishi hiyo alirekodiwa Manchester mwaka 1848, wakati moshi wa viwanda ulipokuwa ukifunika magome ya miti, na kufikia mwaka 1895 takriban 98 kati ya kila 100 mjini humo walikuwa weusi. Hewa iliposafishwa katika karne ya 20, weusi wakapungua tena. Spishi haikubadilika, ni vazi tu. Kwa hiyo spishi moja inaweza kuvaa mavazi mawili, na kinyume chake ni kweli vilevile: spishi kumi zinazolala juu ya gome lilelile zina sababu moja ya kufanana. Tunataka kumtambua mdudu kwa kitu kilichotengenezwa ili asitambuliwe.

Atakayeuliza wenyewe wanatambuanaje basi, ameuliza swali zuri. Kipepeo wa mchana mara nyingi humtafuta mwenzi kwa macho, na hapo rangi za spishi mbili zikifanana sana kuna hasara. Nondo wa usiku huita kwa harufu. Jike hutoa kemikali maalumu, dume huinusa kwa vipapasio vyake na kuifuata gizani. Kilichobanwa kuwa tofauti kati ya spishi na spishi ni harufu, na mara nyingi pia viungo vya uzazi, ambavyo kwa nondo wengi wadogo vina maumbo ya pekee sana. Bawa halikubanwa hivyo. Hakuna kitu kilicholilazimisha liwe tofauti na la jirani, mradi ndege amepita bila kuona.

Turudi kwa kantangaze tukiwa na fikra hiyo. Mabawa yake yaliyokunjuliwa yana upana wa takriban sentimita moja kutoka ncha hadi ncha, ni ya kijivu chenye ukahawia, na yametapakaa vidoa vyeusi. Yumo katika familia ya Gelechiidae, yenye spishi zipatazo 5,000 zilizokwisha kupewa majina, na vidoa vyeusi juu ya kijivu ndilo vazi la sehemu kubwa ya ukoo huo. Nondo wa viazi, Phthorimaea operculella, ni ndugu yake wa karibu, ni mkubwa kidogo, na hula mimea ya jamii ileile. Jike wake akikunja mabawa huonyesha alama inayofanana na herufi X, na hiyo inasaidia pale magamba yanapokuwa mazima. Yakishafutika, unabaki na vijinondo viwili vya kijivu na dhana yako. Mitego yenyewe huongeza shida: gundi ya karatasi na maji ya beseni huondoa magamba, kwa hiyo mara nyingi chombo kinachomleta shahidi ndicho kinachomkata ulimi.

Kuna pingamizi zito hapa. Mwingereza Edward Meyrick, mwalimu wa shule aliyeishi kati ya mwaka 1854 na 1938, alizipa majina maelfu mengi ya spishi za nondo wadogo kutoka pande zote za dunia, Afrika ikiwemo, kwa kutegemea sura ya nje na mishipa ya bawa, na hakuipenda desturi mpya ya kupasua viungo vya uzazi. Ndiye aliyemwelezea kantangaze mwaka 1917 kutokana na nondo wa Huancayo, Peru. Kama yeye aliweza, kwa nini sisi tusiweze? Jibu liko katika yaliyofuata. Kantangaze alipewa kwanza jenasi ya Phthorimaea. Baadaye, kila wataalamu walipochunguza zaidi, alihamishwa kwenye jenasi moja baada ya nyingine, akatulia kwa muda katika Tuta mwaka 1994, jina ambalo maofisa ugani wengi bado wanalitumia, na mwaka 2021 akarudishwa Phthorimaea alikoanzia. Mzunguko wa zaidi ya miaka 100 hadi mlango uleule! Na ili kazi ya Meyrick itumike kwa uhakika, J. F. Gates Clarke ilimbidi aandae katalogi ya majuzuu 8, iliyochapishwa kati ya mwaka 1955 na 1970, yenye picha za viungo vya uzazi vya vielelezo vya Meyrick. Simdharau mwalimu huyo. Jicho lake lilikuwa kali kuliko la wengi wetu. Ila hata jicho hilo lilihitaji kukamilishwa.

Pingamizi la pili ni la mkulima, nalo ni la haki zaidi: jina la mdudu linanihusu nini, si dawa ni dawa? Lingekuwa sahihi kama wadudu wote wangeishi namna moja. Kiwavi wa kantangaze hujichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, kwa hiyo dawa inayoua kwa kugusa ngozi humpita juu. Jamii za kantangaze katika nchi mbalimbali zimekwisha kujenga usugu dhidi ya makundi kadhaa ya viuatilifu, na kila anayepuliza ovyo anaulea usugu huo. Kivutio cha harufu kinachowekwa mtegoni nacho kimetengenezwa kwa spishi fulani. Ukikosea jina, umenunua kivutio cha mdudu usiye naye.

Basi tutumie simu, watasema vijana: piga picha, programu itajibu. Naikubali programu kama msaidizi, hasa kwa nondo wenye mavazi dhahiri kama yule wa unga. Lakini programu husoma kilichomo pichani. Tofauti isipokuwepo kwenye bawa, au ikiwa imekwisha kufutika, hakuna hesabu ya kompyuta itakayoirudisha, na hatari ni kwamba programu inaweza kutaja spishi kwa ujasiri pale ambapo mtaalamu angekomea kwenye familia. Wengine hukimbilia vinasaba. Tangu mwaka 2003, Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alipopendekeza kipande kifupi cha vinasaba kitumike kama alama ya kila spishi, njia hii imefichua nondo wengi waliokuwa wamejificha chini ya jina moja. Ni njia bora, na panapohusika mdudu mgeni mpakani haina mbadala rahisi. Lakini mtego mmoja hunasa nondo mamia, na hakuna maabara itakayompima kila mmoja. Zaidi ya hayo, kipande cha vinasaba hulinganishwa na maktaba ya vielelezo, na vielelezo hivyo vilipewa majina na watu waliotazama bawa, wakatazama mishipa, kisha wakapasua. Anayelitupa bawa kwa ajili ya vinasaba anakata tawi alilokalia.

Hata harufu, kitambulisho cha nondo wenyewe, haiko salama kabisa, kwa kuwa ndugu wa karibu huchangia kemikali. Barani Afrika mitego ya kiwavijeshi vamizi imekuwa ikinasa pia madume ya Leucania loreyi, nondo mwingine anayepatikana kwenye mahindi, na anayehesabu kila kilichonaswa kama kiwavijeshi hutangaza janga kabla halijafika. Hapo bawa linarudi kufanya kazi linayoiweza vizuri: kuondoa wasiohusika. Loreyi ana bawa la rangi ya nyasi kavu lenye michirizi ya urefu, wala hana baka jeupe la kwenye ncha. Sekunde mbili za kutazama zinatosha kumtoa kwenye hesabu.

Kwa kantangaze, ushahidi unaokamilisha bawa mara nyingi uko kwenye jani. Inzi mchimba majani huacha mstari mwembamba unaopindapinda kama njia ya konokono. Kantangaze huacha baka pana lililo wazi kama karatasi ya mafuta, na ndani yake punje nyeusi za kinyesi. Mmea, jani, msimu na bawa vikisema jambo moja, mkulima ana sababu ya kuchukua hatua. Visipokubaliana, jibu la kweli ni kutaja familia na kuishia hapo. Afisa ugani anayesema hivyo asionekane hajui kazi. Anaijua kuliko yule mwenye jina tayari kwa kila kijinondo.

Kwa hiyo ukimpata nondo mdogo usiyemjua shambani au ghalani, usimshike kwa vidole. Mpige picha akiwa ametulia, rula ikiwa kando yake, kisha mfunike kwa kichupa kikavu. Andika tarehe, mahali, na mmea au nafaka uliyomkuta nayo, kata na jani lililoshambuliwa, uvipeleke vyote kwa afisa ugani wa kata yako.