Mbwa Koko Ana Pua ya Msasi

Ukitaka kumfundisha mbwa kuwinda hapa Nairobi, ujue kwanza kwamba uwindaji umekatazwa. Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliupiga marufuku Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba. Awe nyati au sungura wa porini, ni mamoja. Ukimwachilia mbwa wako amkamate digidigi huko Ngong, wewe ni jangili, hata kama unaishi Lavington na mbwa mwenyewe analala sebuleni.

Nalitanguliza hili kwa sababu mimi hufundisha mbwa katika nyumba za mtaa huu wa Lavington, na naona jinsi mambo yanavyokwenda. Mtu anachukua mbwa mchanga kwenye makazi ya wanyama ya KSPCA kule Karen, ameshahasiwa na kuchanjwa, anamleta kwenye ua wenye nyasi nzuri karibu na Gitanga Road. Kabla ya mwezi kwisha mbwa amewafukuza kwarara wote, amefukua maua akitafuta fuko, na paka wa jirani hashuki tena mparachichini. Hapo ndipo naitwa.

"Mzee, mtoe hiyo tabia," mama mmoja aliniambia.

"Haitoki, mama. Tumpe kazi."

Jibu hilo silitoi kwa kuwafurahisha watu. Mbwa anayenyimwa kuwinda kabisa hutafuta windo lake mwenyewe, na katika mtaa wenye pikipiki, watoto wa shule na kuku wa majirani, atalipata. Ninachofundisha ni kuwinda kwenyewe, ila windo ni harufu niliyoichagua mimi, na safari inaishia pale harufu inapopatikana.

Mimi ni mtu wa Kibwezi. Babu yangu aliwinda na mbwa kabla ya marufuku, na alipoacha uwindaji hakuacha kufuga mbwa wala kusimulia. Neno lake kubwa lilikuwa kwamba mbwa wa msasi hutafuta, halafu hungoja. Mbwa anayerarua windo akishalifikia amewanyima watu kitoweo. Kwa hiyo kijibwa kikipata kitu na kukiacha, babu alikilipa papo hapo, mkononi mwake, kitu kitamu kuliko kile kilichoachwa. Hakuwa na fimbo katika kazi hiyo. Mbwa aliyepigwa, alisema, humtazama mtu badala ya kunusa ardhi.

Wataalamu wa tabia za wanyama wanasema mambo yayo hayo kwa lugha ya kitabu. Uwindaji wa mbwa ni mnyororo: kunusa, kukazia macho, kunyatia, kukimbiza, kukamata, kuua. Wafugaji wa Ulaya waliukata mnyororo huo mahali mbalimbali kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi, ndiyo maana kuna mbwa wa kondoo anayenyatia bila kung'ata, na mbwa wa bata anayebeba ndege mdomoni bila kumtoboa. Mbwa koko wetu hakukatiwa pete hata moja. Anao mnyororo mzima, na ni juu ya mwalimu kumfundisha mahali pa kusimama.

Na neno koko lisimpotoshe mtu. Mwaka 2009 Adam Boyko na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wale wa Uganda na Misri walikuwa karibu wote ni wenyeji wa bara hili, si mabaki ya mbwa wa wakoloni waliochanganyika ovyo. Basenji, yule mbwa wa mawindo wa misitu ya Kongo asiyebweka, ambaye wawindaji wa Ituri humfunga njuga ya mti shingoni wapate kumsikia vichakani, aliangukia kundi hilohilo. Walowezi walileta mbwa wao wa mawindo kutoka Uingereza wakakimbiza bweha nje ya Nairobi kwa tarumbeta na farasi, ilhali mbwa waliokuwa wakiishi na wawindaji wa nchi hii waliitwa takataka. Jambo hilo huniudhi mpaka leo.

Mbwa ninayemfundisha sasa anaitwa Chapo, yaani chapati, jina alilopewa na binti wa nyumba kwa sababu ya mabaka yake ya kahawia. Aliokotwa mtaroni upande wa Kawangware, akiwa na miezi kama saba. Alipofika alikuwa haogopi mbwa mwingine yeyote, lakini akiona ufagio alikojoa palepale alipo. Mbwa wa namna hiyo hafundishwi kitu mpaka kwanza alale usingizi mzito. Namaanisha hivyo hasa: alale ubavu, miguu imenyooka, watu wakipita. Mpaka siku hiyo ifike, kazi yangu huwa kukaa kwenye kigoda, kumpa mgongo, na kudondosha omena.

Omena ndiyo silaha yangu. Ni rahisi, inanukia mbali, na hakuna mbwa koko wa Nairobi asiyeijua. Naomba maboksi matupu dukani, nayatoboa matundu, nayapanga nyasini, na ndani ya moja tu naweka omena. Sisemi neno. Mara ya kwanza Chapo alisimama nyuma ya ndoo, mkia tumboni. Nilipogeuka kutazama ukuta nikasikia pumzi zake: fupi fupi, haraka, halafu moja ndefu ya kupuliza vumbi. Mbwa akinusa kwa dhati huvuta hewa hata mara tano kwa sekunde, na pua yake ina vipokezi vya harufu vinavyokadiriwa kufikia milioni 300, dhidi ya milioni 6 hivi vya kwetu. Akapita boksi la kwanza, akapita la pili, akarudi nyuma nusu hatua, kichwa kikageuka kabla ya mwili. Pua ikazama tunduni na mkia ukatoka tumboni. Nikamwongezea omena palepale kwenye boksi, ajue kwamba malipo yako kwenye harufu.

Neno "tafuta" huja baadaye, mbwa akiwa tayari anatafuta. Ukilisema mapema linakuwa kelele. Kisha omena inatoka boksini na mahali pake panaingia glavu kuukuu, na malipo yanabaki mkononi mwangu. Mbwa wengine hapo hutaka mchezo kuliko chakula. Chapo hulipwa kwa kuvutana nami kamba ya katani. Marekani kuna shirika la Working Dogs for Conservation linalokwenda kwenye makazi ya mbwa waliookolewa kutafuta hasa wale waliorudishwa kwa sababu hawatulii, wanaotaka mpira usiku na mchana. Mbwa aliyemshinda mwenye sofa wao humfundisha kunusa kinyesi cha wanyama adimu, pembe na risasi.

Wakati wa kufanya kazi hii una maana kubwa. Harufu hupenda unyevu. Asubuhi ya Julai, ukungu umekaa Lavington na nyasi zina umande, mbwa mchanga atakuonyesha maajabu. Mbwa huyohuyo ukimtoa saa saba mchana mwezi wa Februari, atahema mdomo wazi, na mbwa anayehema hanusi vizuri. Usimlaumu. Mrudishe kivulini umpe maji. Hata asubuhi nzuri, robo saa inamtosha anayeanza, kwa kuwa kunusa kunachosha kuliko kukimbia.

Sehemu ngumu ni kuacha. Jioni moja Chapo alisimama ghafla kwenye ua wa michongoma, mguu mmoja juu, mkia mkavu kama ufito. Mbele yake palikuwa na kalunguyeye, amejikunja, miiba yote nje. Nilikuwa nimeshika ile kamba ndefu ya mita 10 ambayo mbwa mwanafunzi havuliwi, lakini sikuivuta. Nikasema "acha," kwa sauti ya kawaida. Mdomo wake wa juu ulikuwa unatetemeka. Akamtazama kalunguyeye, akanitazama, akamrudia kalunguyeye, kisha akaja. Siku hiyo nilimlipa maini yote niliyokuwa nayo mfukoni. "Acha" huwa naifundisha kwanza kwa kipande cha mkate, halafu kwa mfupa, halafu kwa paka aliye mbali, nikisogea kidogo kidogo. Anayeruka hatua hizi anamfundisha mbwa kutafuta kitu cha kuua.

Ukitaka kuona kazi hii inafika wapi, tazama Mara Triangle. Tangu 2009 askari wa wanyamapori wa Mara Conservancy wamekuwa na mbwa wa kufuata nyayo, wakianza na bloodhound, nao hufuata harufu ya jangili kutoka penye mzoga mpaka alikokimbilia. Shirika la Big Life nalo linao upande wa Amboseli. Shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mradi wake wa mbwa mwaka 2014, mafunzo yakifanyika Usa River karibu na Arusha, na mbwa waliotoka huko wamefanya kazi na shirika la wanyamapori la Kenya, KWS, kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na bandari ya Mombasa, wakikagua mizigo kutafuta pembe. Babu angecheka kwa furaha kusikia mbwa sasa wanamwinda mwindaji.

Chapo hatakwenda Mara. Ni mbwa wa nyumbani, na hilo si dogo. Lakini amehama kutoka maboksi hadi watu. Binti wa nyumba anatangulia msitu wa Karura na baba yake, anakata kona mbili tatu msituni, anajificha. Mimi namnusisha Chapo soksi yake, namfunga mshipi wa kifuani, kwa sababu ukimvuta mbwa shingoni unamkatiza pumzi na harufu pamoja. Msituni kila mbwa hutembea kwa kamba, na kazi hii kamba haiizuii hata kidogo. Chini ya miti anakwenda bila kubabaika hata binti akiwa ametangulia saa nzima. Barabara ya murramu ndiyo bado inamshinda: akifika pale vumbi limekauka na baiskeli zimepita, anazunguka, anainua kichwa, ananitazama mimi nimwambie. Simwambii. Kwa sasa tunafanya mazoezi juu ya murramu tu, alfajiri geti likifunguliwa, na ile soksi iko kwenye mfuko wa plastiki isichanganyike na harufu yangu.