Uvimbe Unaodai Damu

Sogeeni, wajukuu zangu wa Kayanga, Nkwenda na Murongo. Leo namwacha Sungura apumzike, niwasimulie habari za uvimbe na njaa yake.

Panga likikukata mguuni ukipalilia migomba, chini ya ngozi mishipa midogo ya damu huchipua, ikaleta chakula na hewa mpaka kidonda kizibe. Kikishaziba, mishipa huacha kuchipua. Saratani haijui kuacha.

Kaya moja mlimani huweza kuishi kwa maji ya ndoo, lakini haiwi kijiji mpaka bomba lifike. Uvimbe wa saratani nao hukwama ukifika milimita 1 au 2, kwa sababu seli za katikati zinakosa hewa. Ndipo unapotoa protini iitwayo VEGF, na mishipa ya jirani ikiipokea huchipua kuuelekea.

Aliyelishikilia wazo hilo ni Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa watoto mjini Boston, Marekani. Mwaka 1971 aliandika kwamba uvimbe ukinyimwa mishipa mipya hautakua. Wengi hawakumwamini, naye hakuacha kutafuta. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake waliitambua VEGF, na mwaka 2004 Marekani ikaidhinisha bevacizumab, dawa inayoizuia protini hiyo, kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana. Msidhani iliimaliza saratani. Huipunguza kasi, tena ikitumiwa pamoja na dawa nyingine.

Sasa turudi Kagera. Iko saratani iitwayo Kaposi, ambayo seli zake zenyewe zina asili ya kuta za mishipa. Hutokeza mabaka au vinundu vya zambarau au vya kahawia, mara nyingi miguuni, hata kinywani. Afrika Mashariki iliijua kabla ya UKIMWI. Lakini baada ya mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani kwetu, Kaposi ikawa tishio jipya. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua kirusi kinachoisababisha. Wengi hukibeba bila kuugua. Virusi vya UKIMWI (VVU) vikidhoofisha kinga, kirusi hicho hupata nafasi.

Ndiyo maana kwa mwenye VVU dawa ya kwanza ya Kaposi ni ARV, yaani dawa za kuzuia VVU. Kinga ikirudi, kwa wengine mabaka hufifia. Waliozidiwa huongezewa tibakemikali.

Kuna jambo linalonistaajabisha kila nikilisimulia. Dawa iitwayo thalidomide iliondolewa madukani kuanzia mwaka 1961, kwa kuwa wajawazito walioimeza walizaa watoto wenye viungo vilivyodumaa. Mwaka 1994 Robert D'Amato, katika maabara ya Folkman, alionyesha kwamba dawa hiyo huzuia mishipa isichipue. Dawa iliyo ndugu ya thalidomide, pomalidomide, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kutibu Kaposi. Hadi leo ni mwiko kwa mjamzito. Sumu ile ile iliyoumiza watoto imezaa tiba kwa sababu watu walikubali kuichunguza upya, na huo ni ujasiri ninaouheshimu sana.

Kanda ya Ziwa hutibu saratani katika hospitali ya Bugando, Mwanza, na kutoka Kyerwa safari ni ndefu. Kwa hiyo msisubiri maumivu, maana baka la Kaposi mara nyingi haliumi mwanzoni. Mkiliona kwa baba, mama au shangazi, mwambieni aende hospitali ya Nyakahanga, ya Isingiro au kituo cha afya kilicho karibu akapimwe, na kama anatumia ARV asiache hata siku moja.