Mtoto anayeduwaa darasani huenda si mzembe

Huenda umewahi kumwona mtoto ambaye katikati ya mazungumzo hukatika ghafla. Macho yako wazi, lakini yanatazama bila kuona. Kope zinapepesa kidogo. Ukimwita, haitiki. Baada ya sekunde kumi hivi anarudi na kuendelea na alilokuwa akifanya, kana kwamba hakuna lililotokea.

Mtoto wa namna hiyo aliletwa katika kliniki yangu na nyanya yake. Alikuwa msichana wa miaka minane. Barua kutoka kwa mwalimu ilisema kwamba hasikilizi, anaota ndoto mchana na alama zake zimeshuka. Nyumbani alikuwa amekwisha kuchapwa kwa sababu ya "kiburi", na jirani mmoja alishikilia kwamba mtoto amerogwa.

"Daktari," nyanya aliniambia, "mjukuu wangu si mjeuri. Kuna mahali anakwenda, kisha anarudi."

Nilimpa msichana kipande cha karatasi na kumwomba akipulize kwa nguvu, pumzi baada ya pumzi, bila kupumzika. Kabla ya dakika mbili kwisha, karatasi ilitulia na macho yakaganda. Nyanya alinigusa mkono. "Ndiyo hiyo," akasema.

Hicho ni kifafa. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria mtu aliyeanguka, anayetupa miguu na kutoka povu. Lakini kuna kifafa kisichomwangusha mtu, nacho huwashika hasa watoto wa kati ya miaka minne na kumi. Mtoto anaweza kuduwaa mara nyingi kwa siku moja. Kila mara anapokosa maneno machache ya mwalimu, somo linampita. Si ajabu alama zikashuka.

Milango na bawaba zake

Ili ujue kwa nini mtoto huyu hastahili kiboko, hebu tuingie ndani ya ubongo. Humo mna seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli hizi hazigusani. Mahali zinapokaribiana huitwa sinapsi, na hapo pana ufa mwembamba kuliko unywele mara elfu kadhaa. Seli moja ikitaka kuiamsha jirani yake, humwaga kemikali katika ufa huo. Kemikali ya kuamsha inayotumika zaidi huitwa glutameti.

Upande wa pili kuna vipokezi, yaani milango midogo iliyoundwa kwa protini. Ile ya haraka zaidi huitwa vipokezi vya AMPA. Glutameti ikigusa mlango, unafunguka kwa muda mfupi mno, chembe za sodiamu zinaingia, na seli inaamka.

Kwa miaka mingi wanasayansi waliuchunguza mlango wenyewe tu. Lakini mwulize fundi yeyote wa seremala: mlango bila bawaba ni ubao uliosimamishwa ukutani. Ndivyo ilivyo katika ubongo. Kando ya kipokezi kuna protini saidizi, na kazi zake ni tatu. Kwanza, husaidia kukitoa kipokezi ndani ya seli kilikotengenezwa na kukifikisha juu ya ngozi ya seli. Pili, hukifunga imara penye sinapsi kisiteleze. Tatu, huamua mlango utakaa wazi kwa muda gani.

Panya aliyetazama nyota

Elimu hii ilitokana na panya. Katika maabara ya Jackson, jimbo la Maine nchini Marekani, alizaliwa panya wa ajabu. Alipepesuka akitembea, akarusha kichwa juu kama anayetazama mbingu. Watafiti walieleza habari zake mwaka 1990 na kumwita mtazama nyota. Zaidi ya hayo, panya huyu alikuwa akisimama tuli kwa muda, na umeme wa ubongo wake ukipimwa ulionyesha mawimbi yanayofanana na ya watoto wanaoduwaa.

Mwaka 1998 jeni iliyoharibika ilipatikana. Protini inayotengenezwa na jeni hiyo ikaitwa stagazini. Mwaka 2000 watafiti wa California walionyesha kazi yake: ndiyo inayovifikisha vipokezi vya AMPA kwenye sinapsi. Milango ya panya yule ilikuwa imetengenezwa sawasawa, lakini katika seli fulani za ubongo wa nyuma, ambao hutunza mizani ya mwili, haikufika mahali pake. Ndiyo sababu alipepesuka. Baadaye ndugu wengine wa stagazini walitambuliwa, na mwaka 2009 protini saidizi ya ukoo mwingine, iitwayo konichoni. Kweli kidole kimoja hakivunji chawa.

Msomaji makini atauliza: kama milango ya kuamsha imepungua, ubongo si ungelala? Kifafa kinatoka wapi?

Jibu ni kwamba si kila seli kazi yake ni kuchochea. Ziko seli za kutuliza, ambazo ni kama askari wa zamu. Nazo pia huamshwa na glutameti. Katika panya yule, baadhi ya askari hao walikosa milango, hivyo wito uliwafikia kwa unyonge. Askari wakisinzia, seli nyingine huanza kuwaka na kuzima kwa pamoja. Katika watoto wanaoduwaa, mawimbi hayo hupiga karibu mara tatu kwa sekunde, na yanapopiga, mtoto hayupo.

Sisemi kwamba kila mtoto anayeduwaa ana kasoro ya panya yule. Visababishi vya kifafa hiki ni vingi, na mara nyingi hurithiwa kwa njia isiyo rahisi kufuatilia. Ninalosema ni hili: kitu kidogo kisichoonekana kwa macho chaweza kumzima mtoto kwa sekunde kumi. Hakuna kiboko kinachofika huko.

Si kila dawa ya kifafa inafaa

Elimu hii pia inatufundisha kuchagua dawa. Mwaka 2012 Marekani na nchi za Ulaya ziliidhinisha perampaneli, dawa inayoziba vipokezi vya AMPA. Inawasaidia wagonjwa wa aina nyingine za kifafa, lakini kwa kuwa huziba milango hiyo kila mahali, wengine hupata kizunguzungu, huanguka au huwa na hasira. Sasa dawa zinazolenga protini saidizi moja, iliyo nyingi katika sehemu ya kumbukumbu na haba katika ubongo wa nyuma, zimefika hatua ya kujaribiwa kwa binadamu.

Kwa mtoto anayeduwaa, hata hivyo, tiba ipo tayari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, uliohusisha watoto 453, ulionyesha kwamba etosuksimidi na valproeti zilifanya kazi vizuri kuliko lamotrijini, na kwamba etosuksimidi haikuvuruga makini ya mtoto kama valproeti. Isitoshe, valproeti yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, kwa hivyo daktari hufikiri mara mbili kabla ya kumwandikia msichana. Kabamazepini na fenitoini, zinazotumika sana kwa vifafa vingine, zaweza kuzidisha huku kuduwaa. Kwa hiyo usimpe mwanao dawa ya jirani hata kama yeye ilimfaa. Na kama duka halina dawa uliyoandikiwa, usikubali kubadilishiwa kabla ya kumwuliza daktari.

Mambo ya kufanya

Ukimshuku mtoto wako, hesabu mara anazoduwaa kwa siku na sekunde anazochukua. Kama una simu yenye kamera, mrekodi. Mpeleke hospitali, na ikiwezekana apimwe umeme wa ubongo, kipimo kiitwacho EEG. Kabla hajapona, asiachwe peke yake mtoni au karibu na jiko, na avushwe barabara. Akianza dawa, asikose hata siku moja, wala usizikatize ghafla kwa sababu ametulia. Mweleze mwalimu pia, ili somo lililompita arudiwe. Na kumbuka kwamba kifafa hakiambukizi. Mtoto ale na wenzake na kulala nao.

Watoto wengi huachwa na kifafa hiki wanapobalehe. Msichana wangu alianzishwa dawa, na baada ya miezi michache kule kuduwaa kulikoma. Nyanya alipomrudisha kliniki alikuja na daftari la hesabu badala ya barua ya mwalimu. Kisha akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu vizuri: "Na zile fimbo alizokwisha kupigwa, daktari, tutazirudishaje?"