Kifurushi cha Mama Mkwe

Ngoja nianze kwa kukiri. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilitupa samaki wa mama mkwe wangu. Tena sio mmoja, kikapu kizima!

Si unajua maisha ya maharusi wapya? Tumepanga vyumba viwili Tabata, wote wawili tunarudi kazini usiku, hoi. Jioni moja ya Aprili 2023 mume wangu akaingia na kikapu kilichosafiri kwa basi kutoka Mpanda. Ndani yake kulikuwa na migebuka waliokaushwa kwa moshi, zawadi ya mama yake kutoka Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mimi binti wa Tanga, kwetu samaki ni changu aliyetoka baharini asubuhi, akaingia kwenye tui la nazi mchana. Hawa weusi wakavu nikaona watanijazia nyumba harufu. Nikawatia kwenye ndoo ya plastiki, nikabana mfuniko, nikaisukuma chini ya sinki. Baada ya wiki mbili wakaota ukungu. Nikatupa.

Mume wangu hakugomba. Alinyamaza. Wenye ndoa mnajua, mwanaume akigomba kuna nafuu, akinyamaza ujipange. Siku ya tatu ndipo aliposema, "Mama alikesha jikoni kwa ajili yetu." Basi. Kuanzia hapo jikoni kwetu kukawa na sufuria mbili: mimi na yangu, yeye na yake. Mwaka mzima!

Ziwa limefungwa

Juni 2024 tukachukua likizo pamoja kwenda kwao. Ni safari kweli kweli: Dar mpaka Mpanda, halafu zaidi ya kilomita 100 nyingine hadi ziwani. Karema ni pa zamani. Misheni ya Wamisionari wa Afrika ipo tangu 1885, na siku hizi kuna bandari mpya inayotazama Kongo ng'ambo ya maji.

Njia nzima nilijipa moyo kwamba huko nitakula mgebuka mbichi, na yale makavu hayatanihusu. Kumbe wapi! Serikali ilikuwa imesimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Mitumbwi imelala mchangani. Nikamuuliza mume wangu kwa sauti ya chini, "Sasa tutakula nini?" Akacheka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu jikoni." Hakusema karibu sebuleni, alisema jikoni. Nikajua leo nimepatikana.

Juu ya dari ya jiko kulikuwa na vikapu vitatu: dagaa, migebuka na maharage. Chini gunia la mchele mpya, maana Juni ni msimu wa mavuno. Mama akanieleza kwamba mwambao ule jiko hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza: wavuvi huwasha taa, zamani karabai, siku hizi za betri na sola, na samaki hufuata mwanga. Mbalamwezi iking'aa taa haina kazi, nyavu zinapumzika. Kwa hiyo siku za giza wanakula wabichi, siku za mwezi mpevu wanakula akiba.

Na akiba nayo ina msimu wake. Kiangazi, kuanzia Mei hivi hadi Oktoba, dagaa wakianikwa asubuhi jua likiwa kali, jioni unawakusanya. Mvua zikianza jua halitoshi, wanaoza wakiwa bado wameanikwa, ndipo unapotumika moshi. Wale migebuka wa darini mama aliwakausha Aprili, mvua zikiwa bado zinanyesha, aliposikia ziwa litafungwa.

"Huu ni mwezi mpevu mrefu tu," akasema.

Mwenzenu nikaishiwa maneno. Miaka yote nikidhani samaki mkavu ni chakula cha aliyekosa mbichi. Kumbe ni chakula cha aliyefikiria kesho.

Kukiri

Siku ya nne, tukichambua dagaa, nikamwambia yote. Kikapu, ndoo, ukungu, jalala. Machozi yalikuwa karibu. Mama hakuinua hata macho.

"Kwani simu hukuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo mama."

"Ungenipigia ukaniuliza unapikaje, ningefurahi kuliko kama ungekula wote."

Hapo ndipo nilipoelewa ugomvi wetu haukuwa wa harufu. Mume wangu alikuwa ameniletea kwao nzima ndani ya kikapu, na mimi sikuuliza hata swali moja.

Kisha mama akauliza swali lake: "Na nyie huko Tanga mnapika na nini?" Nilikuwa nimebeba nazi nne. Siku ya mwisho tukakuna mbili, tukapika mgebuka kwa mawese, tukamalizia kwa tui. Mama akaonja, akatikisa kichwa, akaonja tena. "Siyo mbaya," akasema, akachota bakuli la pili!

Samaki yule yule, kumbe ana majina mengi. Mgebuka wetu Burundi wanamwita mukeke. Dagaa wetu Zambia ni kapenta, na wale wa Ziwa Kariba walipelekwa huko kutoka Tanganyika miaka ya 1967 na 1968. Kama samaki anahamia jiko la mtu na anapendwa, sembuse mkwe?

Jaribu na mwenzako

Kwa watu wawili: migebuka wawili wakavu, vitunguu viwili, nyanya tatu, vijiko vitatu vya mawese, kikombe cha tui zito.

Ondoa vichwa, vunja vipande, loweka kwenye maji ya moto dakika 15, osha, toa miiba. Pasha mawese kwa moto wa wastani, kaanga vitunguu, tia nyanya mpaka ziive kabisa. Tia samaki na kikombe cha maji, funika dakika 20 moto mdogo. Malizia na tui huku ukikoroga ili lisikatike. Chumvi onja kwanza, ndio uongeze. Kula na ugali wa muhogo au wali.

Kuhifadhi: usifungie samaki mkavu kwenye plastiki mahali penye unyevu, unyevu ndio unaoleta ukungu na ile harufu. Weka kwenye kikapu au karatasi, pakavu, hewa ipite. Masika ya Dar, weka kwenye friza.

Siku hizi kwetu sufuria ni moja. Desemba iliyofuata simu ya mama iliita: kikapu kingine kimepanda basi. Safari hii nilikwenda stendi kukipokea mwenyewe, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshampigia.

"Mama, hawa nianze nao vipi?"

Wewe je, mkwe wako anapika nini ambacho hujawahi kumuuliza? Mpigie leo.