Noah au Wish kwa watoto wanne?

Mzazi wa watoto wanne wadogo anayetafuta gari lililotumika jijini Mwanza hukutana na majina mawili yadi: Noah na Wish. Zote ni Toyota zenye safu tatu za viti, lakini hesabu zake hazifanani.

Wish ya cc 1,800 hunywa mafuta kidogo. Hata hivyo iko chini, na njia za mawe za kupandia milimani huikwangua tumbo. Watoto wakikaa safu ya nyuma, mizigo haina pa kuwekwa. Noah ya cc 2,000 ina nafasi zaidi, na mlango wake wa pembeni huteleza, hivyo mtoto hagongi gari la jirani anaposhuka.

Tatizo la Noah ni historia. Nyingi zimebeba abiria, nyingine dagaa. Muulize muuzaji kama iliwahi kuwa na namba nyeupe ya biashara, kisha linganisha na kadi. Inua zulia utazame kutu. Harufu ya samaki haifichwi na marashi. Vuta kila mkanda, maana viti vilivyopachikwa upya mara nyingi havina.

Anayeagiza Japani ajue kuwa gari lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, mbali na ushuru wa forodha na VAT. Kodi zote hukaribia thamani ya gari, na thamani hiyo huikadiria TRA, si risiti yako.

Sisi tungechukua Noah ya mtu binafsi iliyokwisha kusajiliwa, na kubakiza fedha za matairi na shokapu kabla ya kuvuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, kwenda kuwaona babu na bibi.