Je, Wajua? Nauli ya Meli ya Luzira Nayo ni Biashara ya Nje

Meli ya Tanzania, MV Umoja, huvusha mabehewa ya mizigo kutoka Mwanza hadi Port Bell, Luzira. Mfanyabiashara wa Kampala akilipa nauli hiyo, Uganda huhesabiwa kuwa imenunua huduma kutoka nje, na Tanzania kuwa imeuza. Kwa kuwa thamani ya forodha hujumlisha nauli na bima, watakwimu huziondoa kwenye bei ya bidhaa, zisihesabiwe mara mbili.

Na kanuni za hesabu hizi hubadilika. Katika mwongozo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa 1993, kukarabati meli ya kigeni kuliwekwa upande wa bidhaa. Mwongozo wa 2009 ukakuhamishia kwenye huduma, na ilistahili: fundi huuza ujuzi. Toleo la saba la mwongozo huo lilitoka 2025.